Kiti cha Saa Mbili

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa kunyamaza. Kaka yangu huingia saa moja na nusu akitoka zamu, viatu mkononi, hunywa chai, huoga, na ikifika saa tatu amekwisha lala, pazia zito limeshushwa. Mimi ni fundi cherehani na chumba changu cha kazi kimepakana na chake. Kwa hiyo hutandika blanketi kuukuu, lililokunjwa mara nne, chini ya cherehani ili mtikisiko usipite ukutani. Nimefanya hivyo miaka mingi. Wateja wangu wanajua kwamba kabla ya saa nane mchana hapa hakuna kucheka kwa sauti, na mwenye umbea wake aulete kwa kunong'ona, ambavyo ndivyo umbea unavyonoga zaidi.

Nayataja haya mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa nayo mbele ya macho kila siku ya Mungu, na bado sikuyaona.

Kaka ni fundi wa pampu za maji. Mji wetu hupandishiwa maji usiku, watu wakiwa wamefunga mabomba yao, ili wakiamka wakute matangi yamejaa. Kazi yake ni kukaa na pampu tatu kwenye jumba lenye kelele, kusoma geji ya presha kila nusu saa na kuandika kwenye daftari la zamu. Wenzake wanamwita Presha, jina ambalo halimfai hata kidogo, maana sijaona mtu mtulivu kama yeye. Presha yote ya ukoo alinirithisha mimi. Yeye naye ananiita Sindano, na anaapa kwamba si kwa sababu ya ushonaji.

Zamu ya usiku aliiomba kwa ajili yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, yeye ishirini na mbili, na baba hatukuwa naye. Akaona akifanya kazi usiku, mchana atakuwa nyumbani: atanisuka nywele (vibaya, lakini atanisuka), atanipeleka shule, atanikuta nikirudi. Usiku jirani mmoja mjane alikuja kulala nami. Ilikuwa iwe ya muda tu, mpaka nikue. Nikakua, nikaolewa, nikaachika, nikarudi, naye yuko usiku bado, kwa sababu mwili ulikwisha geuka. Hata siku za mapumziko hukesha akitengeneza redio za watu, na jua likichomoza macho yanamwelemea. Chai yake ya kuamkia naipika mchana, watu wengine wakiwa wameanza kupiga miayo.

Kisha kikaja kikohozi. Tulikilaumu vumbi, tukalaumu grisi ya pampu, tukalaumu baridi ya jumba lile, na kikohozi hakikujali lawama zetu. Baada ya picha na vipimo tukaambiwa ni saratani ya mapafu, kwa mtu ambaye hajawahi kutia sigara mdomoni. Ilikuwa imesambaa mahali ambapo kisu hakifai. Daktari, mwanamke mwembamba anayesema polepole, alisema kuna dawa ya dripu inayoitwa tiba ya kinga. Haiui saratani yenyewe. Mwili una askari wake, alisema, na saratani huwapumbaza wasione. Dawa hii huwaondolea upofu, halafu wao wafanye kazi yao. Kila baada ya wiki tatu, na baada ya dozi nne picha nyingine itatuambia kama askari wameamka.

Kaka aliuliza kama anaweza kuendelea na kazi. Daktari akasema kama ana nguvu, kazi nyepesi haimdhuru. Kwenye fomu yake kulikuwa na mstari wa kazi, na kaka akaandika "fundi wa maji". Mstari wa saa za kazi haukuwapo.

Dozi ya kwanza alipata saa tisa alasiri. Alitoka kitandani saa nane, akanywa chai, tukaenda. Alikuwa mchangamfu kuliko mimi, akamtania muuguzi kwamba dripu yake inavuja na inahitaji fundi.

Siku nne baadaye, mfamasia wa duka la kona alikuja kupimwa gauni. Nilimweleza habari za kaka huku nimeshika utepe kiunoni kwake. Akauliza dripu huwekwa saa ngapi. Nilipomwambia, akageuza maneno, akaniuliza kuhusu pindo la gauni. Nikambana. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amesoma katika jarida la kazi yao: katika nchi kadhaa watafiti wamefukua mafaili ya wagonjwa wa tiba ya kinga na kukuta kwamba waliopewa dozi zao za mwanzo mapema mchana, kabla ya alasiri, wengi wao waliishi muda mrefu kuliko waliopewa alasiri. Inadhaniwa ni kwa sababu askari wa mwili wana saa zao za doria. Alisema mara mbili kwamba jambo lenyewe bado linachunguzwa na nisilifanye sheria.

Nilisikia neno mapema. Mengine yote yalipita kama upepo wa feni.

Usiku huo sikupata lepe la usingizi, na siku tatu zilizofuata nilishona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Kaka angekufa kwa sababu ya saa. Amenilea, amenisomesha, na sasa kifo chake kiko kwenye ratiba ya karani.

Hebu nieleze chumba chenyewe. Kina viti kumi vya kuegemea, kila kimoja na namba yake na mlingoti wa dripu. Wenye kemo ndefu, ile dawa kali inayoua saratani yenyewe, hukaa asubuhi kwa sababu dawa yao huchukua saa nne au tano. Sisi wa tiba ya kinga dripu yetu huisha kwa nusu saa, basi tunapachikwa alasiri, viti vinapoanza kuachwa. Kiti kimoja tu kilikuwa na upenyo asubuhi: namba tisa, saa mbili kamili, kwa sababu mwenye kemo wake alitoka mbali na hakuweza kufika kabla ya saa tatu. Ratiba ilishikwa na karani mwenye miwani ya kamba, aliyeandika kwa penseli na kufuta taratibu sana. Tulimwita Bi Ratiba. Nilimwendea na maneno matamu, akakataa. Nikamwendea na hasira, akakataa vilevile, akasema kila mtu akitaka asubuhi, alasiri ampe nani? Wagonjwa wawili wakikubaliana wenyewe kubadilishana, alisema, yeye atafuta na kuandika. Zaidi ya hapo hana la kufanya.

Kiti namba tisa kilikuwa cha Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu wa hesabu, mwenye ugonjwa uleule na dawa ileile, aliyeanza wiki moja na sisi. Alikuja peke yake kila mara, na kalamu nyekundu kwenye mkoba, ambayo aliitumia kusahihisha matangazo ya ukutani. Palipoandikwa "Tafazali nyamaza" aliweka duara na kuandika "dh". Nilimkuta benchi la mapokezi, siku aliyokuja kupimwa damu kabla ya dozi ya pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilikaa, nikadanganya. Nilisema kaka yangu amebadilishiwa zamu, sasa anaingia kazini mchana, na akikosa alasiri moja kila wiki tatu atafukuzwa. Nilisema kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana uongo ulisimama vizuri. Kuhusu saa na askari na mafaili sikusema neno.

Mwalimu aliniangalia, akasema yeye hana pa kukimbilia siku hizi, asubuhi na alasiri kwake ni mamoja. Kazi ni kazi, alisema. Tukaenda wote kwa Bi Ratiba. Kifutio kikapita mara mbili, kaka yangu akawa mtu wa saa mbili, na Mwalimu akawa wa saa tisa, kiti namba nne.

Niliporudi nyumbani nilicheka peke yangu jikoni. Kaka nilimwambia kwamba nimebadilishana na mama mmoja kwa hiari yake, na kwamba mapema ni bora kwa dawa hii. Akaniuliza kama huyo mama anajua hilo. Nikasema anajua. Alikunywa chai yake, akasema sawa.

Dozi ya pili ilikuwa saa mbili asubuhi. Ya tatu pia. Kaka alikuja moja kwa moja kutoka kwenye pampu, macho mekundu, na kabla dripu haijafika nusu alikuwa anakoroma. Niliona ni dawa inafanya kazi. Nilimfunika kwa kitenge, nikahesabu matone, nikajisikia mjanja kuliko madaktari wote wa dunia. Katikati ya hayo kulikuwa na mwiba mdogo rohoni kila nilipokiona kiti namba nne, ambacho saa tisa kingekuwa cha Mwalimu. Nilijiambia kwamba jambo lenyewe halijathibitishwa. Ajabu ya moyo wa mtu: kwa kaka yangu lilikuwa kweli tupu, kwa Mwalimu lilikuwa uvumi.

Siku ya dozi ya nne alikuwepo muuguzi mpya, mwanamume mwenye mzaha. Alimchoma kaka sindano ya dripu, akafungua dawa, matone yakaanza kushuka, ndipo akauliza kwa kawaida tu kama mgonjwa ameamka salama.

"Sijalala bado," kaka akasema.

Muuguzi akacheka, akadhani ni utani. Kaka akamweleza kwamba ametoka zamu sasa hivi na akifika nyumbani ndipo atalala. Muuguzi akasema, basi kwako sasa ni jioni. Daktari alikuwa kando ya kiti cha tatu akisoma faili la mtu mwingine. Akageuka.

Aliuliza maswali yake polepole. Unalala saa ngapi? Saa tatu asubuhi. Unaamka? Saa nane mchana. Tangu lini? Miaka ishirini na minane. Na siku za mapumziko? Hivyohivyo. Kaka akatoa kijidaftari mfukoni mwa shati. Walipomwonya mwanzoni kuhusu homa alianza kujipima joto, na kwa kuwa yeye ni mtu wa geji, hakujipima mara moja moja: alijipima akiamka, akiingia kazini, katikati ya zamu, akirudi, na hata mara kadhaa aliposhtuka usingizini mchana. Daktari alifunua kurasa. Joto la watu wengi hupanda mchana na kushuka usiku, alisema. La kaka lilikuwa linapanda usiku na kushuka karibu na adhuhuri. Wengi wa zamu za usiku miili yao hubaki nusu kwa nusu, lakini huyu mwili wake ulikuwa umepinduka kama shati lililogeuzwa nje ndani.

Nilielewa kabla hajamaliza. Saa tisa alasiri, ile tuliyopewa mwanzo na Bi Ratiba bila kuomba, ilikuwa saa moja tu baada ya kaka kuamka. Ilikuwa asubuhi yake. Mimi, ninayetandika blanketi chini ya cherehani, ninayempikia chai ya kuamkia mchana, nilimtoa kwenye asubuhi yake nikampeleka kwenye jioni yake. Na ili nifanye hivyo nilimtoa mama wa watu kwenye asubuhi aliyokuwa nayo.

Niliyatazama yale matone. Kulikuwa na kigurudumu kidogo cha plastiki kwenye mpira wa dripu, kinachobana na kuachia, na mkono wangu ulikuwa umekwisha inuka kwenda kukibana. Daktari alinishika kifundo cha mkono.

"Iache iingie," alisema. "Dozi iliyoingia saa isiyo nzuri ni bora kuliko dozi iliyomwagika."

Nikamtajia yale mafaili ya mfamasia, nikamuuliza kama nimemuua kaka.

Hakunidanganya, na mpaka leo namshukuru kwa hilo ingawa siku ile nilimchukia. Alisema wagonjwa wa utafiti ule karibu wote wanahesabiwa kuwa walilala usiku. Alisema upo hata utafiti uliopanga watu kwa kura, wengine mapema wengine baadaye, na ulielekea kulekule, lakini bado unahitaji kurudiwa kwingine. Kwa mtu aliyepinduka kama kaka yangu hakuna aliyepima. Inawezekana saa ya mwili ndiyo inayohesabiwa. Inawezekana ni saa ya jua. Inawezekana haina uzito huo ninaoupa. "Sijui," alisema, na daktari anaposema neno hilo chumba kizima hupoa.

Ilimchukua kaka nusu saa kumaliza dripu na mimi miaka. Tulipotoka kwenye ujia nilimrukia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba saa mbili inamchosha, kwamba anakaa macho kwa nguvu, kwamba asubuhi si asubuhi yake. Nilimwambia ukimya wake utatuzika. Watu walitutazama. Aliningoja nimalize, kama anavyongoja pampu ipoe.

"Ulikuwa na furaha," alisema. "Tangu waniambie ninaumwa, ndiyo mara ya kwanza nilikuona unakula. Nikaona, kama kukosa usingizi kidogo kunakurudishia chakula, si bei kubwa."

Nililia pale ukutani. Nikamwambia yote: zamu ya uongo, machozi, Mwalimu ambaye hakuambiwa kitu. Kaka hajawahi kunipiga tangu nizaliwe, na hakunipiga, lakini alinipa mgongo. Kisha akauliza huyo mama anaingia saa ngapi leo. Nikasema saa tisa.

"Mimi nakwenda kulala. Wewe kaa hapa umngoje. Umwambie kabla hajakaa kwenye kiti."

Akaondoka na plasta mkononi. Nikakaa.

Sijui kama umewahi kumngoja mtu uliyemkosea kwa saa sita kwenye benchi la mbao. Nilipanga maneno, nikayapangua. Nilipata wazo kwamba niondoke, kwamba Mwalimu hatajua kamwe, kwamba nimwombe tu turudishiane viti kwa uongo mwingine mzuri zaidi: zamu imebadilika tena. Wazo hilo lilikaa nami kama saa nzima na lilikuwa na sauti tamu. Saa saba nilinunua chai, ikapoa mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, walituambia shuleni. Hawakusema kwamba mwisho wake ni benchi.

Mwalimu alifika saa tisa kasoro robo. Alikuwa amepungua. Nguo aliyokuwa nayo mwezi uliopita sasa ilimning'inia mabegani, na mimi kama fundi niliona inchi zilizopotea, mbili kila upande. Alinisalimia kwa furaha, akauliza kazi ya kaka inaendeleaje.

Nikamwambia. Sikulia safari hii. Nilijizuia, kwa sababu machozi yalikwisha tumika vibaya mara moja. Nilimwambia kuhusu mfamasia na mafaili, kuhusu saa mbili na saa tisa, na kwamba zamu ya mchana haikuwapo. Nikamwambia na kosa la pili, la kaka na usiku wake. Nikasema kiti namba tisa ni chake kuanzia leo, na Bi Ratiba amekwisha fahamishwa.

Alinisikiliza kama anayesikiliza mtoto akieleza alivyopata jibu.

"Siku ile uliponiomba," alisema, "ulijua kwamba huenda asubuhi ni bora?"

"Nilijua."

"Na uliamini?"

"Niliamini kabisa."

Akafungua mkoba, akafunga.

"Ungeniambia ukweli, sijui ningejibu nini. Labda ningekataa. Labda ningesema kijana ana maisha mbele, achukue. Sijijui kiasi hicho. Lakini hilo lilikuwa langu kuamua, mwanangu, ukaniibia. Hata nafasi ya kuwa mwema ukaniibia."

Muuguzi akaita jina lake. Aliinuka, akaingia, akakaa kwenye kiti namba nne kwa sababu dawa yake ya siku hiyo ilikuwa tayari. Hakunitazama tena. Nilibaki ujiani mpaka akamaliza, nikaenda kumshika mkono kwenye ngazi, akaukubali kwa sababu ngazi zilikuwa nyingi, si kwa sababu nyingine.

Wiki mbili baadaye walipigwa picha, wote wawili, siku moja. Majibu tuliambiwa tuje Ijumaa. Kaka alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mimi sikuwa nimekula tangu jana yake, na Mwalimu alikuwa benchi lilelile, kalamu nyekundu mkononi, ingawa hapakuwa na tangazo jipya la kusahihisha.

Sisi tuliitwa kwanza. Uvimbe wa kaka ulikuwa umepungua karibu theluthi. Daktari alionyesha kwa kidole kivuli kilivyokuwa na kilivyosinyaa. Kaka alisema asante mara moja, kwa adabu, akauliza kama saa ndiyo iliyosaidia au ndiyo iliyoshindwa kuzuia. Daktari akatabasamu, akasema hilo hawezi kulisoma kwenye picha. Nilitaka kupiga kigelegele. Nikakizuia, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na niliona viatu vya Mwalimu chini ya benchi.

Alipotoka yeye sikuhitaji kuuliza. Alikaa karibu yangu, si mbali. Wa kwake ulikuwa umekua. Milimita nne, alisema, akaonyesha kwa vidole kana kwamba yuko mbele ya darasa. Daktari amesema si nyingi, wataendelea na dozi mbili zaidi kisha wapime tena. Wakati mwingine askari huchelewa kuamka.

Nilisema mimi ndiye niliyekuua.

"Nyamaza," alisema. "Watu wawili si hesabu. Kaka yako alipewa saa mbaya kwake na amepona kidogo. Mimi nilipewa saa mbaya kwangu na sikupona. Kwa mifano miwili huwezi kuthibitisha hata kwamba mvua inalowesha. Huenda hukunifanya chochote." Akaitia kalamu nyekundu kifuniko. "Na huenda umenifanya. Hutajua, wala mimi sitajua. Hiyo ndiyo adhabu yako, siwezi kukupunguzia."

Kaka alikuwa amesimama. Akamwinamia, akamwomba radhi kwa kiti ambacho hakujua kwamba kimeibwa. Mwalimu akamwuliza kama ni kweli yeye ndiye anayeujazia mji maji. Kaka akasema ni yeye na pampu tatu. Mwalimu akamwambia basi bomba la nyumbani kwake hutoa maji meupe kama ukungu siku za Jumatatu, na kaka akaahidi kulitazama. Waliongea hivyo kama dakika tano, wagonjwa wawili, kuhusu bomba, nami nikawa katikati yao sina pa kuuweka uso.

Kabla ya kuondoka Mwalimu alinigeukia.

"Jumatano ijayo ni dozi yangu. Uje nyumbani kwangu saa moja asubuhi unichukue. Sitaki kuja peke yangu tena. Na uje na daftari."

Jumatano ile nilitoka nyumbani kabla ya saa moja, na kaka, aliyeruhusiwa kuondoka zamu mapema, alikuwa anarudi. Tulikutana langoni, yeye na viatu vyake, mimi na daftari jipya la kurasa mia. Aliniambia anakwenda kulala, tukutane saa nane twende kwenye dripu yake ya saa tisa. Alisema nisisahau chai yake.

Nilimchukua Mwalimu. Tulitembea polepole, tukapumzika mara mbili. Bi Ratiba alitazama penseli yake, akasema namba tisa, saa mbili, kama zamani. Muuguzi mwenye mzaha alimchoma, hakufanya mzaha. Dawa ikafunguliwa. Nilitazama tone la kwanza likining'inia, likanenepa, likaanguka, na moyo wangu ulianguka nalo, kwa sababu sikujua kama linaanguka kwa wakati au limechelewa wiki tisa.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa mbili na dakika saba.

"Andika."

Nikaandika tarehe, nikaandika saa mbili na dakika saba.

"Rudi nyuma," alisema, macho bado yamefumbwa. "Weka mistari minne juu yake. Uandike na zile nyingine. Ya kwanza yangu asubuhi, halafu tatu za alasiri. Halafu zote za kaka yako. Na pembeni ya zile tatu, uandike nani alizihamisha na kwa nini."

Kalamu niliyokuwa nayo iligoma wino. Bila kufumbua macho alinyoosha mkono kwenye mkoba, akanipa ile nyekundu.